Kiatu chenye matundu: kitakusaidia wapi Nairobi, na kitakuacha wapi

Swali ninaloulizwa sana kibandani kwangu, soko la Toi, si la bei. Bei huja baadaye na huwa tunagombana vizuri tu. Kwanza mteja hukiinua kiatu, hukielekeza kwenye mwanga, hukiminya mbele kwa kidole gumba, halafu huuliza: "Dada, hiki kinapitisha hewa?" Nami humuuliza: unakimbilia wapi, na saa ngapi? Wengi hudhani nakwepa.

Sikwepi. Matundu yanayotoa jasho ndiyo hayo hayo yanayoingiza vumbi jekundu, maji ya mtaro na baridi ya Julai. Tundu halichagui. Kiatu chepesi cha wavu ulio wazi, kwa maoni yangu, ndicho kinachowafaa wakimbiaji wengi wa Nairobi kwa miezi mingi ya mwaka. Lakini ukikinunua ukidhani kitakulinda na kila kitu, utanirudia na lawama.

Nauza mitumba ya viatu vya mbio, na mimi mwenyewe hukimbia kabla ya kufungua biashara. Kazi hii ina faida ambayo mwenye duka la vioo hana: kiatu hunifikia baada ya mtu kukitumia. Nakitoa soli ya ndani, nakifua, naona kilipochanika na kilipooza. Mengi ya haya nimeyaona kwenye beseni.

Matundu yanafanya kazi gani hasa

Nyayo ni kati ya sehemu za mwili zenye tezi nyingi za jasho. Miguu miwili kwa pamoja hukadiriwa kuwa na tezi kama 250,000. Jasho likipata njia ya kuvukizika halina neno. Likikwama, ngozi inalainika na kuanza kung'ang'ania soksi. Ngozi kavu huteleza kidogo kwenye kitambaa na mambo yakaisha. Ngozi yenye unyevu haitelezi: soksi inaivuta huku, mfupa unaenda kule, na tabaka za ngozi zinavutana hatua baada ya hatua mpaka zinaachana. Maji yanajaa katikati, na hilo ndilo lengelenge. Kwa hiyo anayelalamika malengelenge mara nyingi ana shida ya unyevu kabla hajawa na shida ya kiatu kigumu.

Kuna Mjapani aliyelishughulikia jambo hili zamani. Kihachiro Onitsuka, mwanzilishi wa kampuni ambayo leo tunaijua kama ASICS, alihangaishwa na malengelenge ya wakimbiaji wa marathoni mwishoni mwa miaka ya 1950. Akachukua wazo la injini inayopozwa kwa hewa: akakitoboa kiatu mbele na pembeni, ili mguu unapotua hewa ya moto isukumwe nje na unaponyanyuka hewa mpya iingie. Kiatu kikaitwa Magic Runner. Onitsuka huyo ndiye aliyemshawishi Abebe Bikila avae viatu vyake kwenye marathoni ya Mainichi kule Osaka mwaka 1961, mwaka mmoja tu baada ya Bikila kushinda Olimpiki ya Roma akiwa peku. Mguu mtupu ndio wenye hewa kuliko wote, sibishi. Ila Bikila hakuwa akikanyaga vipande vya chupa vya kando ya Ngong Road.

Wazo hilo la kusukuma na kuvuta hewa ndilo linaloendesha viatu vya wavu hadi leo, na lina sharti moja ambalo watu hulisahau: lazima kuwe na nafasi ndani. Kiatu kikikubana, hakuna hewa ya kusukuma, hata kiwe na matundu elfu. Pima kiatu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo baada ya shughuli za siku, ukiwa umevaa soksi ile ile utakayokimbilia. Simama wima. Kati ya kidole chako kirefu zaidi na mwisho wa kiatu pabaki upana wa kidole gumba cha mkono. Kwa wengine kidole kirefu ni cha pili wala si kidole gumba, basi pima hicho. Kisigino kiwe kimeshikwa, vidole viwe huru kucheza. Na usizikaze kamba za mbele mpaka wavu ukajikunja. Kaza za juu, karibu na kifundo, hizo ndizo zinazozuia mguu usiteleze mbele.

Sasa mipaka yake. Hewa huingia zaidi mbele, juu ya vidole, kwa sababu pale ndipo wavu ulipo mwembamba na ndipo upepo unapogonga mguu ukienda mbele. Kisigino kimejazwa sponji, hakipati kitu. Chini ya unyayo kuna soli ya ndani, kitambaa, gundi na sponji nene ya soli kubwa, na jasho la unyayo halina njia ya kutokea huko. Kampuni zimejaribu. Adidas, kwa mfano, walitoa Climacool mwaka 2002 yenye njia za hewa mpaka kwenye soli. Lakini viatu vingi utakavyokuta Nairobi, vipya kwa mitumba, vina hewa juu tu. Ukitoka saa nane mchana mwezi wa pili, joto likikaribia nyuzi 28 na lami ikiwa na joto kuliko hewa yenyewe, wavu hauwezi kupoza hewa iliyokwisha kupata moto. Unachofanya ni kusaidia jasho likauke. Na siku za Aprili, hewa ikiwa nzito kwa unyevu, hata hilo hulifanya kwa uvivu. Dawa ya joto la mchana ni kutoka alfajiri.

Kukijaribu kabla ya kulipa

Usinunue matundu kwa kuyaona kwa nje. Washa tochi ya simu, ingiza simu ndani ya kiatu ikielekea vidoleni, kisha ziba mdomo wa kiatu kwa kiganja. Utashangaa. Kuna viatu vyenye matundu makubwa ya kuvutia, kumbe ndani kuna kitambaa kizito kilichoyaziba yote. Hayo ni mapambo. Unachotaka ni mwanga utokee juu ya vidole vyote na ushuke pembeni mpaka karibu na soli. Kama mwanga umetoka kwenye kidirisha kimoja kidogo tu katikati, huko ndiko hewa itakakopita, kwingine usitarajie.

Ukishaona mwanga, angalia wavu una tabaka ngapi. Tabaka moja hutoa jasho upesi kuliko yote, na huchanika upesi kuliko yote. Tabaka mbili, la nje lenye matundu makubwa na la ndani lenye matundu madogo sana, ndizo ninazowapendekezea watu wetu wanaokimbia kwenye udongo. Hewa inapita, na vumbi jingi linabaki nje.

Minya ulimi wa kiatu. Ulimi mnene wa sponji ndio ghala la jasho ambalo hakuna anayelitaja. Nikifua viatu vya kukimbilia, wavu ukishakauka ulimi bado unatoa maji ukiukamua. Ulimi mwembamba ni bora kwa hewa, ila kamba zitakukata juu ya mguu kama una mazoea ya kukaza sana.

Kisha kuna ile plastiki nyembamba iliyobandikwa juu ya wavu, nembo na mistari. Kila plastiki imeziba matundu chini yake. Watu husema basi isiwepo kabisa, nami sikubali. Hiyo ndiyo inayoushika mguu unapokata kona au unapoteremka mlima. Nimeona viatu vya wavu mtupu vilivyopanuka upande wa kidole kidogo mpaka mguu ulikuwa ukining'inia nje ya soli. Kama unakimbia lami iliyonyooka, chagua kilicho wazi zaidi. Kama Jumapili unapanda Ngong Hills, taka kiatu chenye mkanda wa kushika katikati ya mguu na kinga mbele ya vidole, hata kama kitakutoa jasho zaidi.

Jambo la mwisho dukani: viatu vilivyofumwa kwa uzi laini, vile vinavyonyumbulika vikavalika bila tabu. Vinapendeza na vina raha dakika za kwanza. Lakini uzi hunywa maji, ukinywa maji huwa mzito, ukiwa mzito hulegea. Wavu mgumu wa nailoni au polista hunywa kidogo na hukauka haraka. Na ukipita kwenye majani msituni, kile kilichofumwa hurudi kimejaa mbegu za kishona nguo. Hizo hazitoki kwa brashi. Unazing'oa moja moja kwa kucha, na kila moja hutoka na kipande cha uzi.

Kulingana na pale unapokimbilia

Kwenye lami, hapa sina maneno mengi. Southern Bypass, barabara za mtaani, au ukijiandaa kwa mbio za Oktoba au zile za Nairobi City zilizoanza mwaka 2022 juu ya barabara ya Expressway: chukua wavu wazi kabisa, kiatu chepesi, maliza. Tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, asubuhi zetu zina ubaridi wa kutosha, na kiatu cha aina hii hupata mazingira kinayoyapenda.

Vumbi ndilo jaribio lenyewe. Kuanzia Januari mpaka mvua ziingie Machi, njia za Karura na za msitu wa Ngong Road, na vichochoro vyote vya mitaani visivyo na lami, hutoa vumbi jekundu jembamba sana. Ukitaka kulijua, chukua kiatu cha mtu anayekimbia huko, nyanyua soli ya ndani. Chini yake utakuta tabaka la vumbi laini kama unga wa wimbi, na pale kidole gumba kinapokanyaga limeshindiliwa na jasho mpaka limekuwa kigaga kigumu. Halikuingilia shingoni mwa kiatu pekee. Liliingia kwenye wavu, likapita soksi, likateremka. Likiwa juu ya ngozi yenye unyevu linasugua. Mtu anakuja kuniambia kiatu kimemchubua, nami namwonyesha kigaga.

Tiba si kuacha wavu. Chagua wenye tabaka mbili, vaa soksi yenye shingo ipitayo mdomo wa kiatu, usivae vile visoksi vya kujificha. Ukirudi nyumbani, kabla hata ya kunywa maji, toa soli za ndani na ugonge viatu vikitazamana, chini juu. Usiporuhusu vumbi likutane na jasho la kesho, umemaliza nusu ya vita.

Matope ni habari nyingine kabisa. Mvua za masika, Machi hadi Mei, na za vuli, Oktoba hadi Desemba, udongo mwekundu hujibandika kiatuni na kuziba matundu yote kwa nje. Ndani ya kilomita moja huna wavu tena, una ukuta. Likikauka humo humo, tope hugeuka gumu, na kila kiatu kinapojikunja punje zake zinakata nyuzi. Viatu vingi vya wavu ninavyovitupa vilikufa hivyo: tope liliachwa likauke. Kule kwenye udongo mweusi wa pamba, Syokimau, Kitengela, sehemu za Embakasi, usiulize habari ya hewa. Udongo ule hukuongezea kimo na kilo. Huko tafuta soli yenye meno yaliyoachana ili tope lidondoke, na wavu uliofumwa kwa kubana.

Maji safi ya mvua, kwa upande wake, ni mahali ambapo matundu yanashinda, ingawa watu hudhani kinyume. Kiatu cha wavu kitaingia maji mara moja, kweli. Lakini kitayatoa pia. Ukiruka kijito ukaendelea kukimbia, kila hatua inayakamua nje, na baada ya muda mfupi una soksi yenye unyevu tu badala ya bwawa. Cha kuangalia ni kama wavu unashuka mpaka karibu na soli. Kama kiatu kina mpira umezunguka pande zote kwa urefu wa vidole viwili, maji yatakaa humo kwenye mpira.

Tatizo la Nairobi ni kwamba maji mengi ya barabarani si ya mvua. Bomba la maji taka likipasuka, mtaro ukifurika, ukikanyaga na wavu yameshafika kwenye vidole. Ukiwa na lengelenge lililopasuka au mkwaruzo, hapo ni mlango wa maambukizi. Zunguka dimbwi lililo karibu na mtaro, hata kama kikundi kitakuacha nyuma. Ukikanyaga, osha miguu kwa sabuni ukifika, soksi ziende kwenye beseni siku hiyo hiyo, na kiatu pia.

Baridi ya Juni hadi Agosti haina madhara makubwa. Alfajiri ya nyuzi 11 vidole vitakufa ganzi dakika za kwanza, kisha damu inazunguka. Soksi nene kidogo inatosha. Sijaona haja ya mtu wa hapa kununua kiatu kingine kwa sababu ya Julai.

Na siafu. Mvua ikinyesha huvuka njia msituni kwa mstari. Hakuna wavu utakaokusaidia, kwa sababu hupandia soksi. Ruka, usisimame kupiga picha.

Vipi kile kisichopitisha maji?

Kila masika huja mteja anayetaka kiatu cha mbio chenye Gore-Tex. Ni teknolojia nzuri, sina ugomvi nayo. Bob Gore aligundua mwaka 1969 namna ya kuivuta plastiki iitwayo PTFE mpaka ikapata vitundu vidogo mno, ambavyo tone la maji haliwezi kupita lakini mvuke wa jasho unapita. Kwa koti la mvua ni jambo la ajabu.

Kwa kiatu cha mbio Nairobi, fikiria mara mbili. Mvuke hupita utando huo vizuri pale ndani panapokuwa na joto na unyevu kuliko nje kwa tofauti kubwa. Mlimani kwenye baridi kali, tofauti hiyo ipo. Hapa kwetu Aprili, nje kuna unyevu na joto la wastani, kwa hiyo mvuke unasuasua na jasho linageuka maji ndani. Zaidi ya hayo, kiatu kina shimo moja kubwa lisilozibika: pale mguu unapoingilia. Mvua kubwa huteremka kwenye mguu, inaingia na soksi, na sasa utando uliozuia maji yasiingie unayazuia yasitoke. Unakimbia na ndoo mbili.

Kwenye kufua naona tofauti hiyo waziwazi. Vya wavu nikivianika asubuhi kwenye upepo, jioni navipanga mezani. Vyenye utando hukaa siku mbili tatu na bado ukiingiza mkono mbele kabisa unakuta unyevu, na ule unyevu ndio unaoleta harufu. Nawauzia watembezaji wa watalii na mabawabu wanaosimama kwenye umande usiku kucha. Kwao vinafaa sana. Mkimbiaji namwambia achukue cha wavu na abaki na pesa ya soksi.

Soksi, ambayo watu huidharau

Mtu hutoa Sh4,000 kwa kiatu kizuri cha wavu, kisha anavaa soksi za pamba za tatu kwa mia alizonunulia dirishani mwa matatu. Pamba hunywa jasho na kulishikilia. Umeweka blanketi la maji kati ya mguu na wavu uliolipia, na hewa yote inaishia kwenye blanketi hilo. Tafuta polista au nailoni, au sufu ya merino ukiibahatisha kwenye mitumba, na huwa zipo. Soksi iwe nyembamba, iwe imeshika mguu bila mikunjo, na mshono wa mbele uwe bapa. Ukipaka mafuta ya mgando kidogo kati ya vidole na nyuma ya kisigino kabla ya mbio ndefu, umeongeza kinga.

Wavu hupunguza fangasi, hautibu. Ikiwa tayari ngozi kati ya kidole cha nne na cha tano imekuwa nyeupe, inawasha na kupasuka, nenda duka la dawa. Krimu ya clotrimazole au terbinafine hutumika sana kwa hilo, na uimalize kwa muda ulioelekezwa hata kama muwasho umekwisha. Mwenye kisukari asijitibu miguu nyumbani, aende kliniki. Kausha kati ya vidole kwa taulo kila ukioga. Na ukiweza kuwa na jozi mbili za viatu, zipokezane, kila moja ipate siku ya kukauka.

Kufua bila kukiua

Kamba nje, soli za ndani nje. Kama kuna tope, liloweshe kwanza kwa maji baridi mpaka lilainike. Usilikwangue likiwa kavu kwa sababu utachana nyuzi. Maji ya uvuguvugu yasizidi hapo, sabuni ya unga kidogo sana, na mswaki wa zamani kwenye wavu ukienda upande mmoja. Suuza mpaka maji yatoke bila povu. Sabuni inayobaki kwenye matundu huvuta vumbi na huwasha ngozi ukitoka jasho.

Mashine ya kufulia, hapana. Kando ya jiko, hapana. Jua la saa saba juu ya mabati, hapana kabisa, ingawa utawaona wenzangu sokoni wakifanya hivyo ili wauze jioni. Gundi huachia, wavu wa plastiki hujikunja na kusinyaa, na kiatu kilichokuwa namba 42 kinambana mwenye 42. Jaza gazeti ndani, badilisha likilowa, kining'inize kivulini penye upepo kisigino kikiwa juu.

Ukirudisha soli ya ndani, ilaze mpaka isiwe na mkunjo wowote, hasa kisiginoni. Eliud Kipchoge alishinda marathoni ya Berlin mwaka 2015 kwa saa 2:04:00 huku soli za ndani za viatu vyake zimechomoka zikipepea nje kama mnavyokumbuka kwenye picha. Yeye alivumilia mpaka mwisho. Wewe hutavumilia mpaka Dagoretti Corner.

Ukinunua mitumba

Vya kamera, yaani vile vinavyochaguliwa kwanza bale likifunguliwa, huondoka asubuhi na mapema, kwa hiyo njoo mapema. Kunja kiatu pale vidole vinapojikunjia na utazame mkunjo kwenye mwanga: hapo ndipo wavu huanza kukatika, upande wa kidole kidogo kwanza. Pitisha kidole ndani juu ya kidole gumba, ukisikia ulaini usio wa kawaida au gundi, kuna tundu lililozibwa. Bonyeza soli kwa kidole: sponji iliyochoka hubaki imebonyea na pembeni huwa na makunyanzi mengi. Wavu mzima juu ya soli iliyokufa hauna faida.

Tundu dogo juu ya kidole gumba si kifo cha kiatu. Mara nyingi ni ukucha, kata kucha zako. Mpelekee fundi viatu kabla halijawa kubwa kuliko shilingi kumi, na umwambie mapema asibandike ngozi wala raba kwa gundi, maana akibandika hapo ndipo mahali penye hewa zaidi pamezibwa. Akate kipande cha wavu kutoka kiatu kilichotupwa, akiweke kwa ndani, ashone kwa uzi mwembamba wa nailoni kuzunguka ukingo, na mafundo ayaache upande wa nje.